Skripti ya kupanga picha inapogomea majina yenye nafasi

Mkuu, umeuliza kwa nini skripti yako ya kupanga picha kwa miezi inahamisha baadhi, nyingine inadai hazipo. Tatizo ni nafasi kwenye majina. Ukiandika mv $f (mv ni amri ya kuhamisha, $f ni jina la faili) bila nukuu, faili liitwalo harusi ya dada.jpg Bash, programu inayosoma amri zako, inalikata vipande vitatu: harusi, ya, dada.jpg. Kila kipande inakitafuta kama faili zima na haikioni. Zungushia nukuu mbili kila penye alama ya dola, hata pale unapodhani hakuna nafasi.

Kwenye Linux iandike hivi, uihifadhi kama panga.sh ndani ya folda yako ya nyumbani ($HOME):

#!/bin/bash
shopt -s nullglob nocaseglob
cd "$HOME/Picha" || exit 1
for f in *.jpg; do
  m=$(date -r "$f" +%Y-%m)
  mkdir -p "$m"
  echo mv -nv "$f" "$m/"
done

Hiyo || exit 1 usiiache kamwe. Folda ikikosekana, bila hiyo skripti inaendelea palepale ilipo na kuhamisha picha ambazo hukuzikusudia. nocaseglob inaokota na zile za .JPG, nullglob inainyamazisha skripti pasipo na picha hata moja. -n inazuia picha mpya kufuta ya zamani yenye jina lilelile.

echo ni ya majaribio: inaonyesha amri ya mv bila kuitekeleza. Soma mstari kwa mstari, ukiridhika ndipo uitoe. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayookoa picha. Ukiona zote zinaelekea mwezi huu, ujue ulizinakili kutoka kwenye simu kwa cp (amri ya kunakili) tupu, ambayo hubandika tarehe ya leo. Nakili upya kwa cp -p.

Halafu ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x panga.sh, na uiendeshe kwa ./panga.sh. Ikilalamika "bad interpreter" pamoja na ^M, basi iliandikwa kwenye Windows na kila mstari una herufi iliyojificha mwishoni. Isafishe: sed -i 's/\r$//' panga.sh

Ili ijiendeshe yenyewe, tumia cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba: fungua crontab -e uweke:

0 20 * * 5 $HOME/panga.sh >> $HOME/panga.log 2>&1

Hiyo ni kila Ijumaa saa mbili usiku. Hapa ndipo sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunapojikwaa: cron inaanza kuhesabu saa sita usiku, kwa hiyo ukiandika 2 itasubiri saa nane za usiku. Kompyuta ikiwa imezimwa saa hiyo, cron hairudii kazi iliyoipita, utakuta panga.log haina kitu kipya.