Maua ya bahati ya Wachina: maswali yenu nimeyaona, najibu

Tangu niweke ile picha ya mti wa matunda uliofungwa bahasha nyekundu, meseji haziishi. Niliishi Guangzhou, kule China, miaka kadhaa na haya mambo nayapenda sana, kwahiyo leo najibu yale yanayojirudia.

Ile miti ya machungwa madogo kwenye milango ya maduka na hoteli kule Guangzhou ni ya nini, na yanaliwa? – mfanyabiashara, Kariakoo

Kaka, yale siyo machungwa, ni jamii ya chenza ila dogo kama yai la kwale. Kikantoni, yaani lugha ya watu wa Guangzhou na Hong Kong, linaitwa gam gat, sasa sauti ya "gam" ndiyo hiyohiyo ya dhahabu na "gat" ndiyo hiyohiyo ya heri, kwahiyo mwenye mti mlangoni kila anayeutaja anamtamkia dhahabu na heri. Shika hilo, maana karibu kila jibu la huku chini linarudi palepale: Wachina wanasikiliza jina la ua kwanza.

Kila mwaka mpya wa Kichina mama mwenye nyumba wangu alikuwa ananunua miwili, huku mmoja na huku mmoja, na kuchagua kwake ni kazi ya asubuhi nzima, anazungusha chungu taratibu, anataka matunda yaliyoiva na mabichi yawepo pamoja, na majani yawe ya kijani kweli, tawi kavu hata moja hataki. Akifika nyumbani anafunga vile vibahasha vyekundu na uzi mpaka mti wote unang'aa. Lakini usichume ukala! Ile ya mapambo hupuliziwa dawa. Ya kula nunua sokoni, unatafuna na ganda lake maana utamu uko kwenye ganda, ndani ni uchachu mtupu. Wazee huyaloweka kwenye chumvi ndani ya chupa, yanakaa miaka mpaka yanakuwa meusi, koo likikuwasha wanakupondea moja kwenye maji ya moto. Mimi nilipewa nikiwa na kikohozi, harufu yake bado naikumbuka.

Nimenunua mianzi ya bahati ya mabua manne, rafiki yangu wa Kichina akaguna. Kwa nini? – Nairobi

Dada, nne ndiyo shida. Kichina nne inatamkwa karibu sawa na kifo, watu wanaikwepa hata kwenye namba za ghorofa. Toa bua moja yabaki matatu, hapo unakuwa na furaha, mali na maisha marefu. Na nikwambie kitu nilichofurahi sana kukijua, ule siyo mwanzi kabisa, ni mmea wa jamii ya drasena na asili yake ni huku kwetu Afrika, Cameroon na jirani zake, Wachina wakaupenda wakaupa jina lao. Badilisha maji kila wiki, na kama ni ya bomba yenye dawa yaache usiku mzima kwanza, jua kali usiuweke. Ukiwa na paka uweke juu, akitafuna anaumwa.

Maua ya pichi yanaleta mchumba kweli? – binti wa Mombasa

Mdogo wangu, kule wanaamini hivyo, bahati ya mapenzi wanaiita kabisa bahati ya ua la pichi, na vijana ambao hawajaoa wala kuolewa wanauzunguka mti. Wafanyabiashara nao wanalitaka kwa sababu Kikantoni "pichi" inasikika kama "mpango", na pichi jekundu linasikika kama mpango mkubwa. Kazi iko kwa mkulima, maua lazima yafunguke siku za sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, na sikukuu inafuata mwezi, 2025 ilikuwa 29 Januari, 2026 ikawa 17 Februari, hebu fikiria kuupangia mti tarehe! Ukipata nafasi nenda soko la maua usiku wa kuamkia mwaka mpya, bei zinaporomoka, na watu wanapita wamebeba matawi marefu kuliko wao, wameyainua juu ya vichwa vya watu ili vichipukizi visivunjike.

Majani yanayoning'inizwa mlangoni kwenye sikukuu ya mashua za joka ni yapi? – mwanafunzi

Ni mawili yamefungwa pamoja, moja ni jamii ya pakanga na jingine refu kama upanga, yanawekwa siku ya tano ya mwezi wa tano wa Kichina kufukuza maradhi na wadudu maana joto linaanza. Ndugu yake huyo pakanga ndiye aliyetoa artemisinini, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria tunayomeza, na mama Tu Youyou alipewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Kwahiyo mimi yale majani nayaheshimu.

Nataka kumpelekea maua mama anayeniuzia mzigo Guangzhou, nipeleke yapi? – Zanzibar

Uliniuliza kama asumini itafaa. Najua kwetu pwani asumini ni mapenzi, ni kikuba, ni harusi, hakuna ua la heshima kulishinda. Lakini Kikantoni jina la asumini linatamkwa sawasawa na "hakuna faida", sasa mpelekee mfanyabiashara uone uso wake utakavyobadilika, hata akikuchekea. Krisanthemu nyeupe nazo acha, hizo ni za msibani na makaburini. Peleka okidi ya rangi ya waridi au nyekundu kwenye chungu, hapo hukosei, na ukiikabidhi tumia mikono miwili.