Omba tenda, lakini fomula baki nayo

Tangu vizimba vya samaki vianze kuongezeka ziwani, hasa baada ya serikali kukabidhi boti na vizimba vya mkopo hapa Mwanza mwanzoni mwa 2024, wenzangu wengi wenye viwanda vidogo wameanza kuingia kwenye tenda za serikali. Na simu ninazopigiwa sana siku hizi sio za kuuliza tenda zinapatikanaje, ni mtu ananiambia dada, kuna kampuni imeibuka inatoa bidhaa kama yangu kila kitu, mpaka bei wameshuka chini ya yangu kidogo tu, hivi wameipata wapi? Mimi nina kakiwanda kadogo huku Nyakato, natengeneza chakula cha samaki kinachoelea, wateja wangu wako Ilemela, Sengerema mpaka Ukerewe, na taasisi za umma nazo nimeshaziuzia. Kwa hiyo naongea ninachokiishi kuhusu kutunza siri ya biashara yako unapoomba tenda, na naomba unisome kabla hujabonyeza kutuma kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao.

Kwanza jua siri yako ni ipi, maana wengi wanalinda vitu ambavyo sio siri halafu siri yenyewe wanaiacha nje. Mimi kwenye chakula changu kuna dagaa, soya, mahindi, pumba za mpunga na mashudu ya pamba, hilo kila mtu anajua na nusu yake imeandikwa kwenye mfuko. Protini asilimia ngapi, mafuta asilimia ngapi, iko kwenye mfuko pia, hiyo haiwezi kuwa siri. Siri yangu ni kiasi, ni mpangilio, ni unyevu wa unga kabla haujaingia kwenye mashine na joto la mashine yenyewe. Mashudu ya pamba yana sumu ya asili inaitwa gosipoli, ukiweka mengi bila kuyaandaa sato wanadumaa, sasa namna ninavyoyaandaa ndio pesa yangu ilipo. Halafu kuna mbalamwezi. Wote wa huku tunajua mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazina kazi, dagaa wanaadimika na bei inapanda, basi kile ninachoongeza siku hizo ili nipunguze dagaa na protini isishuke, hicho nakijua mimi na mtu mmoja tu kiwandani. Na orodha ya wanaoniuzia dagaa na bei wanayonipa, hiyo nayo ni siri, tena pengine kuliko fomula.

Kuna kipimo kizuri cha siri ya biashara kwenye TRIPS, mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, kifungu cha 39: taarifa iwe haijulikani kwa watu wa sekta hiyo, iwe na thamani kwa sababu haijulikani, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana kuitunza. Hilo la tatu ndilo linalotuangusha. Tanzania Bara hatuna sheria moja iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya siri za biashara, tunategemea mikataba na kanuni ya kawaida ya kutovunja uaminifu wa mtu aliyekuamini na taarifa yake, kwa hiyo ukifika mbele ya hakimu swali la mapema kabisa ni wewe mwenyewe uliitunzaje. Kama uliituma kwenye grupu la WhatsApp la kiwanda, utajibu nini?

Sasa tuje kwenye tenda yenyewe. Soma nyaraka za zabuni mstari kwa mstari uone WAMEOMBA nini, kisha toa hicho hicho. Tabia ya wengi ni kutaka kuwafurahisha kamati ya tathmini, mtu anaombwa cheti cha ubora anaambatanisha na karatasi ya uzalishaji ya kiwandani, picha za mashine na jedwali la mchanganyiko, anadhani atapata maksi za ziada, hakuna maksi ya hivyo, wanakupima kwa vigezo vilivyoandikwa. Mimi nathibitisha kwa matokeo: majibu ya maabara, leseni ya TBS (Shirika la Viwango), barua za wateja, jedwali la jinsi samaki walivyokua kwa miezi. Kuna tenda iliomba "maelezo ya njia ya uzalishaji", nikaandika hatua kwa jumla, kusaga, kuchanganya, kupitisha kwenye mashine kwa mvuke, kukausha, kufungasha, halafu chini nikaweka sentensi moja kwamba viwango vya mchanganyiko ni siri ya biashara ya kampuni na vinaweza kukaguliwa kiwandani kwa makubaliano ya maandishi. Sikuondolewa, na hakuna aliyeniuliza tena.

Ukiwa na wasiwasi kama kitu kinahitajika au la, omba ufafanuzi kabla ya muda kuisha, lakini hapa uwe makini sana jamani. Jibu la ufafanuzi linapelekwa kwa wazabuni wote, jina lako halitajwi ila swali linaonekana. Mtu akiuliza "je naruhusiwa kutumia kitu fulani badala ya dagaa kwa asilimia fulani" keshawapa washindani somo la bure. Uliza kwa jumla tu, mfano kama spesifikesheni inataka aina ya malighafi au inataka kiwango cha protini.

Bei pia. Jumla ya mkataba itajulikana, hilo ulikubali toka mwanzo, mshindi anatangazwa na thamani ya mkataba inaonekana, na ni vizuri iwe hivyo kwa sababu ni hela ya umma, sitaki mtu anielewe kwamba naunga mkono kuficha ficha mambo. Ninachosema ni mchanganuo. Kama jedwali la bei linataka bei ya kilo na usafiri, jaza bei ya kilo na usafiri, usiambatanishe profoma za wauzaji wako ambazo hazijaombwa.

Kile ambacho lazima ukitoe na ni siri, kiwekee alama. Kitenge kwenye kiambatisho chake, ukurasa wa kwanza andika wazi kwamba kurasa fulani hadi fulani zina siri ya biashara, zimetolewa kwa ajili ya tathmini ya zabuni hii tu na zisitolewe kwa mtu mwingine bila idhini ya kampuni, na kila ukurasa husika rudia kwa kifupi juu. Wenzetu Marekani kanuni za manunuzi ya serikali yao zinamwelekeza mzabuni afanye hivyo hivyo, jalada na kila karatasi, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya kule iliamua kwamba taarifa ya biashara ambayo mwenyewe huwa anaifanya siri na akaipa serikali kwa ahadi ya kutunzwa inaweza kuzuiwa wananchi wakiomba taarifa za serikali. Sisi sio Marekani, najua. Ila na sisi tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, mwananchi anaweza kuomba taarifa ofisi ya umma na anatakiwa ajibiwe ndani ya siku 30, na sheria hiyo hiyo inaruhusu kuzuia taarifa inayoweza kuumiza maslahi ya kibiashara ya mtu aliyeitoa. Sasa afisa aliyekaa na faili lako atajuaje ukurasa upi unakuumiza kama hukuandika? Na usigonge muhuri wa SIRI kwenye kila karatasi mpaka leseni ya biashara, ukifanya hivyo hakuna atakayekuamini hata pale penye siri ya kweli.

Nakuja kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, stesheni, yaani yale maduka ya kuchapa na kudurufu. Mfumo wenyewe wa NeST, ulioanza 2023 ukachukua nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS, umejengwa usifungue zabuni ya mtu kabla ya muda wa ufunguzi, na sheria ya ununuzi inakataza mambo ya tathmini kutolewa kwa wasiohusika kabla mchakato haujakamilika. Ulinzi wote huo halafu wewe unashuka mjini unampa kijana wa stesheni paswedi yako, anakujazia, OTP, ile namba ya siri ya mara moja, inaingia kwenye simu unamsomea kwa sauti watu wamekaa kwenye benchi, mafaili yako yanabaki kwenye kompyuta yake, na kijana huyo huyo mchana anamjazia mshindani wako tenda ile ile! Simsemi vibaya, wengi ni vijana waaminifu wanatafuta riziki na wanaujua mfumo kuliko sisi. Lakini kompyuta ni ya watu wote. Kama huwezi kujaza mwenyewe, mlete aje ofisini kwako atumie kompyuta yako, umkalie pembeni, asaini karatasi ya kutunza siri, na akimaliza badilisha paswedi siku hiyo hiyo. Kama lazima uende stesheni, bei ya mwisho jaza mwenyewe kwa mkono wako, ukimaliza futa mafaili, fungua na kile kikapu cha takataka cha kwenye kompyuta ukisafishe, toa flashi yako, hakikisha umetoka kwenye akaunti. Kudurufu nako ni hivyo hivyo, kopi iliyoharibika usiiache mezani.

Watu wa ukaguzi wakija kiwandani wapokee vizuri, ni haki yao kujiridhisha kwamba kiwanda kipo. Mimi naandaa njia ya kupita, wanaona mashine, ghala, maabara ndogo, vitabu vya kumbukumbu, ila chumba cha kupimia na karatasi za mchanganyiko vinafungwa, na picha wanapiga sehemu nilizowaonyesha. Siku moja mtu aliyekuja na timu ya taasisi moja akataka kupiga picha ubao wa mashine unaoonyesha joto, nikamwambia kwa heshima tu kaka hapo hapana, akaelewa. Sampuli nazo ziandikie barua, gramu ngapi, kwa ajili ya kipimo gani, na zitakazobaki ziharibiwe au zirudishwe.

Ndani ya kiwanda, mikataba ya ajira iwe na kipengele cha siri kinachotaja siri ni zipi, sio "taarifa zote za kampuni". Ukiingia ubia na kampuni kubwa kwa ajili ya tenda, karatasi ya kutunza siri inasainiwa KABLA ya kikao cha kwanza, sio baada ya kushinda. Na kama ulichonacho ni kifaa ambacho mtu akikiona tu anaweza kukiiga, siri haitakusaidia, nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uulize habari za hataza (patenti, haki ya mvumbuzi) kabla hujakionyesha popote, kwa sababu kikishajulikana hadharani upya wake umekwisha.

Ukishinda, usisaini kwa furaha bila kusoma. Tafuta kipengele kinachosema nyaraka na ripoti zote ni mali ya taasisi, kipo sana kwenye mikataba ya ushauri na mafunzo. Kitabu cha mafunzo nilichowaandikia wafugaji kwa hela ya mkataba, sawa, chao. Fomula niliyokuja nayo, yangu, na naomba iandikwe hivyo kwenye mkataba wakati wa majadiliano, huwa hawakatai ukieleza kwa utulivu. Ukishindwa na ukataka kukata rufaa, anza kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi iliyotangaza tenda, kisha PPAA, mamlaka ya rufaa za ununuzi wa umma, lakini kumbuka maamuzi ya PPAA yanachapishwa na mtu yeyote anasoma, kwa hiyo lalamikia kigezo na utaratibu, usimwage fomula kwenye hoja zako ili kuonyesha wewe ni bora.

Na wao pia wanakupa siri zao. Kwenye kazi za vizimba unapewa majina ya wafugaji, namba za simu, nani ana deni la mkopo kiasi gani, kizimba chake kiko wapi ziwani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hapo, usiitumie orodha hiyo kuwatafutia wateja wa biashara yako nyingine. Mimi orodha inakaa kwenye kompyuta moja yenye paswedi, dereva anapewa majina ya siku hiyo tu, na malipo ya mwisho yakishaingia naifuta, nabaki na dilivari noti na risiti za EFD kwa ajili ya wakaguzi.