Kukagua lami kwa picha za setilaiti: nilichojifunza Dodoma

Mkuu, umeuliza kama picha za bure za setilaiti zitakuonyesha mashimo kwenye kilomita 40 za lami huku kwetu Dodoma. Mashimo hutayaona. Pikseli (nukta moja ya picha) ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zinazotoa picha bure, ina upana wa mita 10, na lami yetu ya kawaida ina upana wa mita 6 au 7, kwa hiyo pikseli moja inameza lami, mabega na vichaka kwa pamoja. Picha za kulipia zinazofika sentimita 30 zitakuonyesha kiraka kikubwa, lakini ufa wa milimita 3 hauonekani humo.

Nami nilianzia hapo ulipo. Nilikuwa nimesoma kwamba lami mpya ni nyeusi, na kadiri jua na hewa vinavyoichakaza inageuka kijivu, kokoto zinajitokeza, na kwenye picha inang'aa zaidi. Ni kweli kabisa. Nikachora ramani, kila palipong'aa nikapaka nyekundu, nikaenda upande wa Chamwino kukagua kwa miguu. Vipande vingi vyekundu vilikuwa vizima! Ilikuwa Septemba, upepo umelaza vumbi juu ya lami, hasa pale barabara za udongo zinapoungana nayo na ng'ombe wanapovuka. Tangu siku ile silinganishi picha ya kiangazi na ya msimu wa mvua.

Setilaiti ilinisaidia kwenye maji. Sehemu nyingi huku tuta la barabara limepita juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Chukua picha za Januari hadi Aprili, fungua bendi ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), ambako maji hutokea meusi, kisha fuata barabara yako polepole. Nilipata mahali ambapo maji yalituama upande mmoja wa tuta, picha baada ya picha. Nilipofika, kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, lilikuwa limezibwa na mchanga wa korongo, majani yamefunika mdomo wake, na lami ya upande uleule imepasuka kama ngozi ya mamba kwenye njia ya magurudumu. Nilikuwa nimepita hapo kwa gari mara nyingi bila kujua. Ungeziba zile nyufa bila kuzibua kalvati, mvua inayofuata ingezirudisha.

Kwa nyufa zenyewe tumia droni. Ukiruka mita 40 hivi, kwa kamera za kawaida unapata pikseli ya sentimita 1 au zaidi kidogo. Nyufa pana na viraka vinaonekana vizuri, ilimradi kila picha irudie asilimia 80 ya eneo la ile iliyotangulia. Kina cha mfereji wa magurudumu (pale lami ilipobonyea kwa kupitiwa na magari) usikiamini, maana milimita 15 zinapotea ndani ya makosa ya kipimo. Hapo weka rula ndefu iliyonyooka juu ya lami upime kwa mkono. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kianze kushughulikiwa mapema, wala usiruke bila hicho, hasa karibu na mjini.

Kama bajeti yako ni ya siku chache, anza na picha za maji ya msimu wa mvua uliopita, chagua vipande vitano, nenda navyo kwa miguu ukiwa na jembe la kuzibulia mdomo wa kalvati. Ukipata mahali panapokutatiza, weka hapa viwianishi (namba za mahali kwenye ramani) na mwezi wa picha, nitaviangalia jioni.