Kiwanja juu ya dampo la zamani: ipe gesi njia ya kutokea

Mkuu uliyeuliza kuhusu kiwanja cha Mtwara kilichokuwa shimo la machimbo ya mawe, likajazwa takataka kisha likafukiwa kwa mchanga: umesema mapovu yanachemka kwenye madimbwi kando ya msingi baada ya mvua. Yachukulie kwa uzito. Takataka zinazooza bila hewa hutoa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani, gesi inayowaka, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ukaa (kabonidioksidi). Waliokuambia ni gesi asilia ya visima vya Mnazi Bay inavuja wamekosea njia. Ile karibu yote ni methani. Ukikuta hewa ukaa nyingi, chanzo ni uozo ulioko hapo hapo chini.

Usitegemee pua. Methani haina harufu. Harufu ya mayai viza ni ya gesi nyingine inayosafiri nayo, na udongo unaweza kuichuja ikabaki njiani. Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumbani, cheche ya swichi inatosha kulipua. Kwa hiyo asije mtu akapima kwa kiberiti.

Mvua za Desemba hadi Aprili ndizo za kuziangalia. Udongo wa juu ukilowa, gesi haipandi tena, inakwenda pembeni mpaka ipate pakavu, na pakavu ni chini ya nyumba yako. Kutandika pevingi uani ukuta kwa ukuta kunaleta matokeo hayo hayo mwaka mzima. Mgandamizo wa hewa ukishuka ghafla nao huitoa gesi ardhini: huko Loscoe, Uingereza, tarehe 24 Machi 1986, nyumba ilibomoka kwa mlipuko wa namna hiyo na watu watatu wakaumia vibaya. Dampo lilikuwa jirani tu, gesi ikapita kwenye nyufa za mwamba. Mawe yetu ya matumbawe yana matundu tele, kwa hiyo aliyejenga pembeni ya shimo naye asijione salama.

Kupima: zamisha ardhini bomba lenye matundu, kina cha mita 1 hadi 1.5, ziba juu kwa udongo wa mfinyanzi, weka kifuniko chenye koki. Pima siku kadhaa, za mvua na za ukavu. Tafuta mtu mwenye kipimo cha infraredi. Vile vya bei nafuu vinahitaji oksijeni ili vifanye kazi, na ndani ya bomba haipo, hivyo vitakudanganya kwamba ni shwari.

Kama jamvi (zege la sakafu ya chini) halijamwagwa, una bahati. Tandaza kokoto safi za milimita 20, unene wa sentimita 20, zisizo na vumbi. Ndani yake laza mabomba ya PVC ya inchi 4 yenye matundu, kila baada ya mita 3 hivi, yenye mwinamo kidogo maji yasituame. Yaunganishe na bomba la kupanda nje ya ukuta, lipite paa kwa sentimita 60 au zaidi, mbali na madirisha, na wavu mdomoni. Mafundi wengi hulikomesha chini ya upenu, na gesi yote inaingia darini. Juu ya kokoto weka nailoni nzito ya geji 2000, ipandane sentimita 30 na kugandishwa kwa utepe. Isipowekwa, uji wa zege unashuka na kuziba matundu yote siku ya kwanza. Nailoni peke yake haizuii methani kabisa. Kazi kubwa inafanywa na kokoto na mabomba. Jamvi lenyewe liwe na wavu wa nondo, maana takataka zinashuka na zege litapasuka.

Nyumba iliyokwisha simama ina mlango ambao wengi hawauoni: bomba la waya wa umeme linalotoka ardhini moja kwa moja hadi kwenye boksi la swichi. Gesi inapanda humo na kufika penye cheche. Mwite fundi umeme azime, azibe ncha zote mbili kwa silikoni. Kisha ziba nyufa za sakafu na pale mabomba ya maji yanapopenya, mwaga maji kwenye vitundu vya sakafu vya bafuni kila wiki ili maji ya mtego yanayozuia gesi kupanda yasikauke, na usizibe matofali ya matundu juu ya madirisha. Upande wa dampo chimba mtaro ujazwe kokoto, ufike chini ya kina cha takataka au kwenye maji ya ardhini.

King'ora cha gesi kiweke sentimita 15 hadi 30 chini ya dari. Wauzaji wanazoea kusema karibu na sakafu, lakini hapo ni kwa gesi ya mtungi, ambayo ni nzito. Kikilia, usiguse swichi yoyote, fungua milango, toka nje.

Shimo jipya la choo usichimbe kwenye kiwanja hicho kabisa. Hewa ukaa hutuama chini na oksijeni inaisha. Fundi akianguka shimoni, anayeshuka kumwokoa bila kifaa cha kupumulia anaanguka naye.