Shamba darasa badala ya semina ya ukumbini

Ndugu, umeuliza kwa nini viongozi wa kikundi chenu walipelekwa semina ya kilimo endelevu, wakarudi na vyeti, na kijiji bado kinalima vilevile. Naona tatizo ni semina yenyewe. Kukaa ukumbini siku chache hakumpi mtu uwezo wa kumshawishi jirani yake.

Jaribuni shamba darasa. Njia hii ilianza Indonesia mwaka 1989, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikiwasaidia wakulima wa mpunga kupunguza dawa za wadudu, na sasa imeenea Afrika Mashariki. Kikundi hukutana kila wiki msimu mzima. Kipande kimoja cha shamba kinalimwa kwa mazoea, kingine kando yake kwa njia mnayoijaribu. Mnageuza majani, mnahesabu wadudu, kisha mnachora mmea kwenye karatasi kubwa: waharibifu upande mmoja, wanaowala waharibifu upande wa pili. Hapo mabishano huanza, na hapo ndipo utamwona kiongozi: ni yule anayeuliza "mmeona nini?" kabla ya kutoa jibu.

Tafadhali msichague mtu kwa cheo. Chukueni anayelima mwenyewe na anayesikilizwa, na wanawake wawe wengi, maana palizi na mbegu mara nyingi ziko mikononi mwao. Posho nazo ziwe ndogo, la sivyo orodha itajaa wasiolima.

Kama kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kinawasumbua, anzeni na desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde) katikati ya mistari na nepia (majani ya malisho) pembezoni. Mnalima zao gani hasa, na mvua zenu zinaanza lini?