Mwanangu, kuhusu hiyo deikea ya Kihesa

Mwanangu, hamjambo huko Iringa? Huku Mbeya baridi imeshaanza kukaza, baba yako analala na soksi na koti juu. Meseji yako nimeisoma, umeniuliza ukianza deikea, kulea watoto wa watu mchana, na watoto kumi hapo sebuleni kwako Kihesa kimyakimya, leseni ukaifuatilia baadaye kituo kikishasimama, kuna shida gani, maana wazazi wenyewe ndo wanakuomba na wengine wako tayari kulipa hata kesho. Nimeamua kukuandikia kabisa maana kwenye simu utanikatisha, nakujua.

Shida ipo mama. Kuendesha kituo bila usajili ni kosa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wala sio mambo ya juzi, toka 1981 kulikuwa na sheria yake kabisa ya vituo vya kulelea watoto mchana. Unaanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, yeye ndo anakupa maelekezo na kukagua, bwana afya naye anakuja kuangalia maji, choo na jiko, afu maombi yanapanda mpaka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Usichanganye na darasa la awali, lile ni la wizara ya elimu, lina njia yake nyingine. Watu wengi wanaandika kibao "nasari" afu anakuja mtu wa elimu anauliza walimu wako wapi, wanabaki wanatoa macho.

Ila sikuambii haya ili uogope polisi. Bwana afya akija nyumba iko tupu akakwambia choo hiki watoto watatumbukia, unatengeneza, yanaisha. Akija watoto wameshajaa, ada umeshachukua na nusu yake imeshakuwa mchele na magodoro, hapo hutatengeneza choo, utaanza kumbembeleza bwana afya "tuongee". Na watoto wataendelea kutumia choo kilekile.

Miaka yote niliyolea watoto pale Soweto, hapahapa Mbeya, nimeona vituo vinakufa na vingine vinasimama, na nikikwambia ukweli sijaona kilichokufa kwa kukosa watoto. Vinakufa kwa kuwa na watoto wengi kuliko mikono. Mwenye kituo anashindwa kumkataa mtu. Anaanza na kumi, anakuja shoga yake na mapacha, anakuja mke wa mchungaji, utamkataaje mke wa mchungaji, mara wamefika thelathini na walezi ni walewale wawili, mmoja yuko jikoni.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme ada elfu 40 kwa mwezi, watoto 15, hiyo ni laki 6. Walezi wawili ukiwalipa 170,000 kila mmoja ni 340,000, mpishi 120,000, tumefika 460,000. Bado unga, sukari, maziwa, mkaa, sabuni, maji, na bado kuna wazazi wawili watatu watakwambia watalipa mwisho wa mwezi, na hapo ni tarehe 12, sijui huo mwisho wa mwezi gani. Nyumba mngekuwa mnaipanga kwa ajili ya kituo tu, 150,000 ya kodi ingekuwa imeshakuzamisha. Kila mtu akifika hapa anasema basi niongeze watoto. Wewe ongeza ada. Sema elfu 60 na umwambie mzazi wazi anapata nini, uji saa nne, chakula cha mchana, mtoto anabadilishwa nguo, analala kwenye godoro safi. Atakayeona ghali mwache aende, usimfuate na punguzo. Na huyo mwenye nyumba wenu mwandikishane kwamba ameruhusu kituo, asije akaona watoto wamejaa akapandisha kodi.

Umeniuliza pia kuhusu wachanga. Watakuja tu, maana mama aliyeajiriwa likizo yake ya uzazi kisheria ni siku 84, kwahiyo anarudi kazini mtoto hata miezi mitatu hajafikisha. Nawahurumia sana hawa mabinti. Lakini mwaka wa kwanza mwanangu usichukue chini ya miaka miwili. Mchanga mmoja anakula mlezi mmoja mzima, ananyonya saa zake, analazwa chali, anaangaliwa anavyopumua, pampasi kila saa. Ukimuweka chumba kimoja na wa miaka mitatu wanaokimbizana, siku moja atakanyagwa. Ukija kuwachukua baadaye watafutie chumba chao na mtu wao, na wale wanaofanya kazi karibu waambie sheria inawapa mpaka masaa mawili ya kunyonyesha ndani ya siku ya kazi, waje wenyewe wanyonyeshe.

Chakula sasa, hapa ndo nataka unisikilize vizuri maana uko Iringa. Ule utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta mkoa wenu ndo unaongoza kwa udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwenye kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano 57 wamedumaa, wakati nchi nzima ni 30. Iringa! Mahindi yamejaa, maharage, njegere, parachichi, maziwa. Sababu moja mimi nimeiona kwa macho hata huku kwetu: mama anaamkia shambani, mtoto anaachiwa ugali na mboga za majani mara mbili kwa siku, na tumbo la mtoto ni dogo, mara mbili haimtoshi. Ndo maana nakwambia huo uji wa saa nne usiufute hata siku hela imeisha. Na huo uji wa lishe usishindane na majirani kuchanganya nafaka kumi na mbili na karanga na soya na sijui nini, tena karanga zenyewe za kuvunda zina sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mahindi au ulezi, tia maziwa, basi. Mchana wape maharage, dagaa wa Nyasa wakipatikana, parachichi. Mayai ukiweza.

Na baridi. Juni na Julai kutakuwa na mlezi atakayeingiza jiko la mkaa kwenye chumba cha kulala watoto afu afunge dirisha wasipigwe upepo. Mwambie siku ya kwanza kabisa ya kazi kwamba hiyo ni kufukuzwa papo hapo, haina onyo. Ule mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, mtoto analala haamki. Masweta, soksi na blanketi nzito vinatosha, watoto wa huku wamezaliwa na baridi.

Asubuhi usimame mlangoni mwenyewe. Mtoto ana homa, anaharisha, ana vipele usivyovielewa, anarudi na mama yake, hata kama mama anachelewa kazini na analia, na atalia kweli. Kwenye kuandikisha dai kadi ya kliniki uone chanjo, hasa ya surua ambayo ni miezi 9 na inarudiwa miezi 18, maana surua ikiingia chumba cha watoto haiachi mtu. Jioni hivyohivyo, andika majina ya wanaoruhusiwa kumchukua na namba zao, na akija bodaboda anasema nimetumwa na mama yake, mtoto haendi. Utatukanwa. Tukanwa tu. Na ile namba 116 ya kusaidia watoto ibandike ukutani watu waione, ni ya bure, kuna siku utabadilisha mtoto nguo ukaona alama ambazo sio za kuanguka.

Walezi chukua mwenye cheti cha malezi angalau mmoja, mwingine awe na moyo na asiwe mtu wa fimbo. Mlete kwa majaribio wiki moja na usimwangalie anavyocheza na watoto, wote wanajua kucheza. Muangalie anavyofanya mtoto akijinyea.

Kuna mzazi atakuuliza mbona mtoto wa jirani anajua kuhesabu kizungu na wa kwangu anacheza mchanga tu. Mjibu kwa heshima, kucheza ndo kazi yake. Mimi hilo sikuwahi kulishinda vizuri, kila mwaka wanakuja wengine wanauliza lilelile.

Baba yako anasema atakuchangia simtanki, usimwambie nimekwambia. Wewe kesho nenda halmashauri ukaonane na Ustawi, hao wazazi waambie wasubiri, na bembea usinunue kwanza. Nitumie picha ya choo.

Mama yako