Fundi Anajibu: Vile vitufe vitatu si mapambo

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu alituachia gramafoni ya kutia ufunguo, ile ya sanduku. Siku hizi wimbo unakimbia ovyo, na ndani husikika mshindo, "du!" Nimefungua ubao wa juu, nikakuta vitufe vitatu vizito vimeshikwa na vibati vyembamba kwenye kijiti. Kibati kimoja kimekatika. Kaka anasema ni mapambo ya Wazungu, tuving'oe. Ni nini hasa?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka aweke bisibisi chini. Hicho ni gavana, ndugu yake spidi gavana ya basi la Kasulu.

Springi inayozungusha mashine, ikijaa kwa ufunguo, ina nguvu nyingi. Inavyofunguka, nguvu hupungua. Bila gavana wimbo ungeanza mbio na kuishia kusinzia. Kijiti kikizunguka kwa kasi vitufe hutanuka, vibati hupinda, na kile kisahani kidogo kilicho kwenye kijiti huvutwa mpaka kikagusa kipande cha ngozi. Hapo ndipo breki ilipo. Hata kirungu cha kurekebisha mwendo hakigusi springi kamwe, husogeza ngozi tu.

Kibati kimoja kikikatika, mizani imeharibika. Badilisha vyote vitatu, viwe vya unene mmoja. Na tafadhali, si bati la kopo la maziwa! Hapa Tabora huwa naletewa kazi za namna hiyo, nazo hunichefua. Ngozi itie tone la mafuta ya cherehani. Kisha bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani kubwa inayobeba santuri, weka santuri na sindano, uhesabu: mizunguko 78 kwa dakika, umepatia.

Mshindo ni habari nyingine. Grisi ndani ya mkebe wa springi imekauka, mikunjo inanatana, kisha inaachana kwa ghafla. Inatakiwa springi itolewe, isafishwe, ipakwe grisi mpya. Kazi hiyo mpe fundi, maana ule utepe mrefu wa chuma ukikuponyoka utakukata vidole. Na hata huyo gavana usimguse kabla hujaiacha sahani izunguke mpaka springi iishe kabisa. Ukimtoa gavana, springi ikiwa imejaa, magurudumu yote ya meno yatafyatuka kwa kasi na huenda yakavunjika.

Sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa santuri, ukigeuza unaweka mpya. Kama babu aliacha santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, usizichezeshe kwa sindano iliyochakaa. Inachimba mifereji na haitengenezeki tena. Zile santuri za LP, za plastiki, usiziweke kabisa, kichwa cha mashine hii ni kizito mno kwake.

Niandikie tena unieleze kama mikebe ya springi ni mmoja au miwili, nijue nikutafutie springi gani.